Nani Anakuuliza Siri? Ufunguo wa SSH unapokataliwa kwenye seva ya nyumbani

Swali hili hunifikia kutoka mitaa yetu ya Uvira, Kavimvira, Mulongwe na Kalundu, hata kutoka Baraka, na karibu kila mara lina maneno yaleyale: "Nilitengeneza ufunguo wa SSH, nikauweka kwenye seva, lakini bado naulizwa siri. Nimekosea wapi?" Wanaouliza ni walimu wanaotunza alama za wanafunzi, vijana wa studio za picha, wenye vibanda vya kuchapa barua, na wanafunzi wanaojifunza peke yao. Seva yenyewe huwa ni laptopu ya zamani iliyovuka mpaka kutoka Bujumbura, au Raspberry Pi iliyofungwa kando ya betri ya sola.

Naandika jibu zima mahali pamoja, kwa sababu mega za intaneti ni ghali na si haki mtu azimalize akitafuta vipande vya jibu huku na huku. Fuata hatua kwa mpangilio. Wengi hukwama kwa kuwa wanarekebisha seva wakati tatizo liko kwenye mashini iliyo mbele yao.

## Soma swali kabla ya kulijibu

Kuna maswali mawili yanayofanana, na anayeuliza si mmoja.

La kwanza:

`Enter passphrase for key '/home/mwalimu/.ssh/id_ed25519':`

Hili linaulizwa na mashini yako mwenyewe. Inataka kauli ya siri uliyoiweka siku ulipotengeneza ufunguo. Seva haiijui kauli hiyo, haijawahi kuiona na haitaiona. Tena, mara nyingi swali hili likitokea maana yake seva imeshaukubali ufunguo wako; kilichobaki ni wewe kuufungua.

La pili:

`mwalimu@192.168.1.20's password:`

Hili linatoka kwa seva. Inataka neno la siri la akaunti, na imelitaka kwa sababu ufunguo haukufika au umekataliwa.

Kwa hiyo swali la kwanza lichunguze kwenye mashini yako. La pili, anza na seva. Angalia pia usichanganyikiwe na hali hii: ukikosea kauli ya ufunguo mara tatu, au ukibonyeza Enter bila kuandika kitu, SSH huuacha ufunguo huo na kukuletea swali la pili. Hapo mtu hudhani seva imemkataa, kumbe hakuufungua ufunguo wake.

Ujumbe mwingine nao una maana yake:

- `Connection timed out`: hukufika kwenye seva. Ufunguo hauhusiki. Angalia anwani, ruta na umeme.
- `Connection refused`: mashini yenye anwani hiyo ipo, lakini SSH haifanyi kazi hapo, au umekosea namba ya mlango.
- `Permission denied (publickey)`: seva inakubali funguo tu, na hakuna hata mmoja wa kwako uliopenya.
- `Too many authentication failures`: umeleta funguo nyingi mno, seva kwa kawaida huruhusu majaribio 6.

## "Kauli naijua, lakini inakataliwa"

Kwanza jaribu ufunguo bila kuigusa seva:

`ssh-keygen -y -f ~/.ssh/id_ed25519`

Ukiandika kauli na mstari unaoanza na `ssh-ed25519` ukatokea, kauli ni sahihi. Ukikataliwa hapa, acha kuhangaika na seva. Na usishtuke kuona skrini haionyeshi herufi wala nyota unapoandika. Ndivyo ilivyo; endelea kuandika.

Sababu ninayoikuta zaidi kwetu ni kibodi. Laptopu nyingi zinazouzwa Uvira zina kibodi ya Kifaransa, AZERTY, lakini Linux mara nyingi husakinishwa kwa mpangilio wa Kiingereza, QWERTY. Ukibonyeza vitufe vya `zawadi` kwenye kibodi ya AZERTY huku mashini ikiamini ni QWERTY, kinachoandikwa ni `wqzqdi`. Tarakimu nazo ni vilevile: AZERTY inazitaka pamoja na Shift, QWERTY haitaki. Ikiwa ulitengeneza ufunguo kwenye mashini ya kaka yako na sasa uko kwenye yako, kauli ileile inatoka tofauti na huoni.

Fanya hivi:

1. Fungua mahali pa kuandikia palipo wazi, uandike `a q z w m` na tarakimu chache. Usiandike kauli yenyewe, kwa maana kwenye terminali inaweza kubaki katika historia ya amri.
2. Kama herufi zimebadilishana, rekebisha mpangilio. Kwenye Debian na Ubuntu ni `sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration`. Kwa muda tu, kwenye skrini isiyo na madirisha, `sudo loadkeys fr`.
3. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na nafasi, uangalie lugha iliyochaguliwa.
4. Angalia Caps Lock. Kwenye simu, angalia kama kibodi inaanza na herufi kubwa au inaongeza nafasi baada ya neno.

Kama unatumia mashini za watu mbalimbali, chagua kauli yenye maneno kadhaa yasiyo na a, q, z, w, m, tarakimu wala alama. Kwa Kiswahili si kazi rahisi, maana herufi a iko karibu kila mahali, lakini maneno kama jogoo, ndege, pilipili na kitunguu yapo. Tunga yako, hayo niliyoyataja sasa yamechapishwa.

## "Inaniuliza kauli kila mara"

Hapa hakuna kilichoharibika. Ufunguo wenye kauli lazima ufunguliwe kila unapotumika, isipokuwa umempa kazi hiyo ajenti, yaani programu ndogo inayoukumbuka ufunguo uliokwisha kufunguliwa.

Kwenye Linux, na kwenye Termux ya simu za Android:

`eval "$(ssh-agent -s)"`
`ssh-add ~/.ssh/id_ed25519`

Halafu `ssh-add -l` itakuonyesha funguo alizonazo. Ukiona `Could not open a connection to your authentication agent`, ajenti hajaanzishwa katika dirisha hilo la terminali. Ili usirudie kuandika `ssh-add`, weka mistari hii kwenye faili `~/.ssh/config`:

`Host nyumbani`
`    HostName 192.168.1.20`
`    User mwalimu`
`    IdentityFile ~/.ssh/id_ed25519`
`    IdentitiesOnly yes`
`    AddKeysToAgent yes`

Sasa `ssh nyumbani` inatosha, na ule ujumbe wa funguo nyingi mno nao utakoma, kwa sababu unapeleka ufunguo mmoja tu.

Kwenye Windows 10 na 11 huduma ya ajenti kwa kawaida imezimwa. Fungua PowerShell kama msimamizi:

`Set-Service ssh-agent -StartupType Automatic`
`Start-Service ssh-agent`

Kisha fungua dirisha la kawaida uandike `ssh-add`. Anayetumia PuTTY ajue kwamba faili lake la `.ppk` halisomwi na amri ya `ssh`. Lipitishe kwanza PuTTYgen ulitoe katika umbo la OpenSSH.

Kwenye Linux na Termux, umeme ukikatika na betri imechoka, ajenti husahau vyote, nawe utaulizwa tena. Hiyo si hitilafu. Ndivyo anavyokulinda siku mashini itakapoibiwa.

## "Basi si niifute tu hiyo kauli?"

Unaweza, kwa `ssh-keygen -p -f ~/.ssh/id_ed25519`, ukibonyeza Enter panapoombwa kauli mpya. Kwa ufunguo unaotembea nao, nakusihi usifanye hivyo. Laptopu hupelekwa kwa fundi, flashi huazimwa, simu husahaulika ndani ya gari la Bukavu. Ufunguo usio na kauli ni mali ya yeyote anayelishika faili. Ajenti anakupa urahisi huohuo bila hatari hiyo.

Kuna kazi moja ambapo kauli haiwezekani: programu inayonakili mafaili usiku, wakati hakuna mtu wa kujibu. Hapo tengeneza ufunguo wa pili, wa kazi hiyo peke yake, usio na kauli, na kwenye seva uubane ndani ya `authorized_keys` kwa kutanguliza maneno haya kwenye mstari wake:

`restrict,command="/usr/local/bin/pokea-nakala" ssh-ed25519 AAAA...`

Njia iliyo ndani ya alama za nukuu iwe ya programu yako mwenyewe. Hata mtu akiuiba ufunguo huo, hawezi kuingia na kufanya mengine. Jaribu kazi ya usiku kwa `ssh -o BatchMode=yes`; ikikosa ruhusa itashindwa papo hapo badala ya kukaa ikingoja jibu hadi asubuhi.

## Seva inataka neno la siri ingawa ufunguo upo

Andika `ssh -v nyumbani` usome mistari ya mwisho mwisho. Tafuta mitatu:

- `Offering public key`: mashini yako imeutoa ufunguo. Kama njia iliyoandikwa hapo si ya ufunguo unaoutaka, tatizo ni `config` yako.
- `Server accepts key`: seva imekubali. Rudi kwenye sehemu za kauli ya siri hapo juu.
- `Authentications that can continue` mara baada ya kuutoa: seva imeukataa.

Ukikataliwa, nenda kwenye seva kwa skrini yake au kwa neno la siri, ukague kwa mpangilio huu.

Ruhusa za folda. SSH hukataa kusoma orodha ya funguo ikiwa mtu mwingine anaweza kuiandika. Hata folda yako ya nyumbani ikiwa wazi kwa kundi, utakataliwa:

`chmod go-w ~`
`chmod 700 ~/.ssh`
`chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys`

Mwenye faili. Ukilitengeneza kwa `sudo`, limekuwa la root. Lirudishe: `sudo chown -R mwalimu: /home/mwalimu/.ssh`.

Mstari uliovunjika. Wengi hujitumia ufunguo wa wazi, ule wa `.pub`, kwa WhatsApp, wakaunakili kutoka kwenye simu. Njiani mstari mmoja hugeuka miwili, au herufi ya mwisho inabaki nyuma. Kila ufunguo ukae kwenye mstari mmoja, unaoanza na `ssh-ed25519 AAAA`. Linganisha alama ya kidole ya ufunguo (fingerprint) pande zote mbili: `ssh-keygen -lf ~/.ssh/id_ed25519.pub` kwenye mashini yako na `ssh-keygen -lf ~/.ssh/authorized_keys` kwenye seva. Mfuatano wa SHA256 lazima ufanane herufi kwa herufi. Ukiweza, acha kunakili kwa mkono na utumie `ssh-copy-id mwalimu@192.168.1.20`.

Jina la mtumiaji. Huenda kwenye laptopu wewe ni `mwalimu`, lakini kwenye seva ni `pi`. Usipotaja jina, SSH hupeleka la laptopu.

Sudo mbele ya ssh. `sudo ssh` hutafuta funguo za root ndani ya `/root/.ssh`, si zako.

Kama bado, seva yenyewe ina maelezo. `sudo journalctl -u ssh -n 30` kwenye Debian au Ubuntu. Kwenye Fedora huduma inaitwa `sshd`. Ukikuta `bad ownership or modes`, umepata jibu, na folda yenye kosa imetajwa kwa jina.

Neno kuhusu flashi. Ukiweka ufunguo wa siri kwenye flashi na kuutumia kutoka humohumo, utaona onyo kubwa la `UNPROTECTED PRIVATE KEY FILE`, na `chmod` haitasaidia, kwa sababu flashi za FAT32 na exFAT hazihifadhi ruhusa za Linux. Unakili kwanza ndani ya `~/.ssh`, kisha `chmod 600`. Lakini kuna njia bora: usihamishe ufunguo wa siri kabisa. Kila kifaa, simu ikiwemo, kitengeneze wake, na seva iorodheshe zote. Simu ikipotea unafuta mstari mmoja.

## Jana iliingia, leo haiingii: baada ya umeme kukatika

Sehemu hii sijaiona katika maelezo mengi yaliyoandikwa kwa miji yenye umeme wa uhakika, na kwetu ndiyo inayohitajika zaidi. Seva ikizimika ghafla na kuwaka tena, kagua haya:

1. Je, ni seva yako kweli? Ruta nayo ilizimika, na ilipowaka huenda ikagawa anwani upya. 192.168.1.20 ya jana leo inaweza kuwa ya televisheni au simu. Ingia kwenye ruta uifungie seva anwani isiyobadilika.
2. Diski ya nje imepanda? Kama `/home` iko kwenye diski ya USB na betri haikuwa na nguvu ya kuizungusha, seva huwaka bila folda yako, na `authorized_keys` haipo. Angalia kwa `findmnt /home`. Neno `nofail` kwenye `/etc/fstab` huruhusu seva kuwaka bila diski. Lisipokuwepo, inaweza kukwama katika hali ya dharura isijibu kabisa. Liweke, na funguo za wasimamizi ziwe kwenye diski ya mfumo kwa kuandika `AuthorizedKeysFile /etc/ssh/funguo/%u .ssh/authorized_keys` katika mipangilio ya SSH. Faili hilo la `/etc` liwe la root.
3. Faili limebaki tupu? Umeme ukikatika wakati wa kuandika, faili linaweza kubaki na ukubwa wa 0. `ls -l ~/.ssh` itakuonyesha. Rudisha nakala.
4. Funguo za seva yenyewe zimeharibika? Hili hutokea kwa Raspberry Pi iliyozimika ikiwaka mara ya kwanza kabisa. SSH inakataa kuanza. Futa mafaili matupu ya `/etc/ssh/ssh_host_*`, kisha `sudo ssh-keygen -A`.
5. Diski imejifunga isiandikwe? `touch jaribio` ikijibu kwamba mfumo ni wa kusoma tu, nakili data yako kabla ya jambo lingine lolote. Huenda kadi ya SD inaelekea kufa.

Ukisakinisha seva upya, au ukifika kwenye kifaa kingine, utaona `REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED`. Watu hufuta kumbukumbu ya zamani ya seva bila kufikiri. Usifanye hivyo. Nenda kwenye skrini ya seva, soma `ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`, ulinganishe na unachoonyeshwa. Vikifanana ndipo uandike `ssh-keygen -R 192.168.1.20` kwenye laptopu.

## Mashini kuukuu

Ufunguo wa DSA hautakubaliwa. OpenSSH iliuzima mwaka 2015 na kuuondoa kabisa katika toleo la 10.0 la mwaka 2025. Ukiona `no mutual signature algorithm`, upande mmoja ni wa zamani mno: tangu toleo la 8.8 la mwaka 2021, sahihi za RSA zinazotumia SHA-1 zimezimwa. Sasisha upande wa zamani, na tengeneza ufunguo mpya kwa `ssh-keygen -t ed25519`. Usilegeze seva ili kuifurahisha laptopu moja.

## Ukiwa nje ya nyumba

Nyumbani unaingia, ukiwa Bukavu hupati hata swali. Ufunguo hauna kosa. Laini za simu kwa kawaida huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja, hivyo hakuna njia ya moja kwa moja kutoka nje hadi kwenye ruta yako. Utahitaji VPN kama WireGuard au Tailscale, au seva ndogo ya kukodi ambayo ya nyumbani inaifuata yenyewe kwa `ssh -N -R 2222:localhost:22`. Ukiendesha njia hiyo kama huduma, ipe ufunguo wake uliobanwa, maana huduma haiwezi kujibu swali la kauli.

Laini ikiwa inakata muunganisho uliokaa kimya, ongeza `ServerAliveInterval 30` kwenye `config`. Na fungua ufunguo kwa `ssh-add` kabla ya kuunganisha: seva kwa kawaida hukupa sekunde 120 tu za kukamilisha kuingia, na anayetafuta kauli kwenye daftari wakati huo hujikuta amefungiwa.

## Kabla hujazima neno la siri kwenye seva

Haraka ya hatua hii imewafungia wengi nje ya nyumba zao.

1. Ingia kwa ufunguo, na uache dirisha hilo wazi.
2. Weka `PasswordAuthentication no` kwenye faili `/etc/ssh/sshd_config`. Kwenye Ubuntu angalia pia folda `/etc/ssh/sshd_config.d`; SSH hushika thamani ya kwanza inayoisoma, na faili la humo linaweza kukushinda.
3. Andika `sudo sshd -t`. Ikinyamaza, hakuna kosa la maandishi.
4. `sudo systemctl reload ssh`.
5. Jaribu kuingia kwa dirisha jipya. Likikataa, lile la kwanza bado liko wazi, rekebisha.

## Umesahau kauli

Hairudi. Hakuna fundi wala programu ya kuilipia, na anayekuahidi hivyo mkatalie. Lakini data yako iko salama: ingia kwa skrini na kibodi ya seva, futa mstari wa ufunguo wa zamani, weka mpya. Basi.

Ndiyo maana nashauri ufunguo wa pili wa akiba, wenye kauli yake iliyoandikwa kwenye karatasi, ukae nyumba nyingine. Tunaishi kati ya mlima na ziwa. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, na maji ya Tanganyika yalipopanda tena mwaka 2024, vilivyokuwa ndani ya nyumba moja viliondoka pamoja. Flashi iliyo kwenye droo chini ya seva si akiba. Flashi ya akiba, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, mpe shangazi anayekaa juu mlimani, na kauli ikae kwa mtu mwingine.

## Ukiomba msaada, tuma hivi

- Swali kamili kama linavyoonekana kwenye skrini, si "inakataa".
- Mistari 20 ya mwisho ya `ssh -v`, na mistari ya wakati huohuo ya `journalctl`.
- Matokeo ya `ls -ld ~ ~/.ssh` na `ls -l ~/.ssh` kutoka seva.
- Kilichobadilika tangu ilipofanya kazi mara ya mwisho: umeme, ruta, kibodi, mashini.
- Ufunguo wa wazi, ule wa `.pub`, ukihitajika.

Faili linaloanza na `-----BEGIN OPENSSH PRIVATE KEY-----` usimtumie mtu yeyote, hata mimi. Kama umeshalituma, tengeneza jingine leo, na ufute mstari wa ufunguo wa zamani kwenye kila seva ulikouweka.